Sura ya Kidega kwenye Kioo

Ukoo wa Ayot ulikuwa umepanga kumlilia Kidega kwa mara ya mwisho siku ya Jumamosi. Ng'ombe alikwisha kupatikana, mtama ulikwisha kusagwa, na wazee wa kijijini, huko upande wa Kitgum, walikwisha kuchagua mahali pa kuweka jiwe, maana maiti haikuwapo. Na wiki hiyo hiyo, huku Kampala, ndani ya chumba cha fundi cherehani mmoja wa Kamwokya, Kidega akaonekana amebeba kreti ya bia.

Au tuseme alionekana mtu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Fundi mwenyewe aliitwa Elisée, Mkongo kutoka Aru, na kwa kuwa mwanawe wa kwanza ni Reine, mtaa mzima ulimwita Baba Reine. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimgombeza, alikohoa. Akimsifu, aliinama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Shule aliiacha darasa la sita. Lakini kila mtu ana mahali pake pa kuwa mfalme, na ufalme wa Elisée ulikuwa ukuta mmoja wa chumba chake: televisheni kubwa yenye ufa kwenye kona, na chini yake kompyuta aliyoiunga kipande kwa kipande kutokana na mashine zilizochokwa na ofisi. Humo ndimo alimowekea DVD zake.

Picha ya DVD ni ndogo kama leso, na televisheni kubwa inataka shuka. Ukiivuta leso iwe shuka, nyuzi zinaachana. Kazi aliyoipenda Elisée ilikuwa kuzibana nyuzi hizo. Kwenye programu yake kulikuwa na kitufe cha kuondoa mistari inayojitokeza kama meno ya kitana mtu anapotembea, kingine cha kufuta chembe zinazochemka kwenye giza, na kingine cha kunoa, kile kinachofanya ukingo wa kila kitu ukae wazi. Vyote alivijua kwa kubonyeza na kukosea. Vyote aliviita dawa.

Jumapili baada ya kanisa majirani walikuja kutazama. Jumapili ile aliweka harusi ya Blaise, binamu yake, iliyopigwa Aru miaka miwili nyuma na kufika Kampala ndani ya mzigo wa mwuza vitenge. Ayot, ambaye mtaa ulimwita Mama Bonny, mke wa Okullo askari polisi wa mlango wa pili, alikaa karibu na mlango akimenya karanga. Bibi harusi alikuwa anakata keki. Nyuma ya meza akapita mwanaume mwenye kreti begani.

"Baba Reine, rudisha nyuma," Ayot akasema.

"Umeona nini? Bia?" Okullo akauliza, na watu wakacheka.

"Yule mtu. Simamisha."

Elisée akasimamisha. Mwanaume akabaki kwenye kioo, uso umegeukia kamera, mashavu mapana.

"Huyo ni mnene kama OC wetu, mkuu wa kituo," Okullo akasema. "Watu wa kwenu hawana mashavu hayo, Mama Bonny. Nimeoa huko, ninajua."

Elisée peke yake alijua kwamba mashavu yale hayakuwa ya mtu. Harusi ilipigwa na kamera ya zamani, ya picha inayokaribia mraba, lakini majirani zake hawakupenda kioo kibaki na nafasi tupu. Waliona kama wamepunjwa. Kwa hiyo siku zote aliitanua picha ijae, na watu wote wa ndani yake wakanenepa. Sasa akabonyeza, bila kusema kitu. Pande mbili za kioo zikawa nyeusi.

"Aa, umekata picha," mtu akalalamika huko nyuma. "Sasa tunachungulia dirishani?"

Lakini katikati ya ule weusi mwanaume alikuwa amekonda. Shingo ikarefuka, taya likashuka. Karanga zikamwagika. Ayot alikwisha kusimama mbele ya televisheni, akasema neno moja tu la kwao, na Okullo akaacha kucheka.

Kidega alikuwa mdogo wake, anayemfuata ziwa. Waasi walimchukua nyumbani akiwa darasa la tano. Baadaye waasi hao walivuka wakaingia misitu ya Kongo, na katika waliochukuliwa wapo waliorudi, wapo ambao habari zao zililetwa, na wapo kama Kidega. Alikuwa na alama moja: kovu la mundu juu ya nyusi ya kushoto, alilopata wakivuna mtama, mstari mweupe kama uzi.

Elisée alimpigia simu Blaise siku ile ile. Blaise akasema wabebaji walikuja na lori la mwenye bia, hakuwajua, mwenye bia alikwisha kuhama, lakini ataulizauliza. Basi ikabaki diski.

Tangu hapo Ayot hakukosa hata siku moja. Aliingia, akasalimia, akakaa. "Ongeza kidogo," alisema. Elisée akaongeza kidogo. Aliondoa meno ya kitana, akafuta chembe, akakuza uso mpaka ukajaa kioo, akanoa. Ukungu ulikaa pale pale. "Kidogo tena, Baba Reine." Jumatano akanoa kuliko alivyowahi kunoa picha yoyote, na juu ya nyusi ya kushoto ya yule mwanaume ukajitokeza mstari mweupe.

Ayot aliweka kidole juu ya kioo. "Mundu," akasema. "Hapa ndipo mundu ulipopita."

Akatoka nje kumpigia simu Mzee Ojara, mdogo wa marehemu baba yake, mwanajeshi mstaafu anayekaa Mengo, ambaye mambo ya ukoo yalikuwa mikononi mwake. Kwao, kumlilia mtu aliye hai si kosa la kuombewa radhi. Ni kumfukuza duniani kwa mikono yenu wenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tiketi yake ya basi ni ya Ijumaa asubuhi. Alhamisi mchana atakuja aone kwa macho yake. Kovu likiwapo, hakuna jiwe litakalowekwa.

Alhamisi Elisée hakwenda kwenye cherehani. Alipangusa kioo, akafunika ufa kwa kitambaa, akaweka kiti. Kisha akaiwasha harusi, na safari hii hakuisimamisha pale pale pa siku zote. Aliiacha itembee tangu mwanzo, ajue mahali pa kuanzia ili mzee asingojeshwe.

Bibi harusi akainua uso. Juu ya nyusi yake palikuwa na mstari mweupe.

Elisée akasogea. Blaise alikuwa nao. Mchungaji alikuwa nao, na mwingine ulizunguka miwani yake, na mwingine ulifuata kola. Mbuzi aliyefungwa uani alikuwa na mstari kando ya kila pembe. Harusi nzima ilikuwa na makovu.

Akashusha kitufe cha kunoa. Mistari yote ikaondoka mara moja, kwa bibi harusi, kwa mchungaji, kwa mbuzi. Akaenda mpaka kwa mwenye kreti. Kwake pia haukuwapo. Akapandisha kitufe, ukarudi. Akashusha, ukaondoka. Hapo akaelewa kitufe kile kinafanya nini. Hakioni kovu wala nyusi. Kila mahali weusi unapokutana na weupe, kinapitisha chaki kando yake, kama yeye mwenyewe anavyoizungushia chaki karatasi ya mfano juu ya kitambaa. Ukitaka ukingo uonekane zaidi, kinapitisha chaki zaidi.

Mkewe, Esperance, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Elisée akamweleza kwa sauti ya chini.

Esperance aliacha maharage. "Mama Bonny anaimba tangu asubuhi," akasema. "Toka tuhamie hapa, umewahi kumsikia akiimba?"

"Hapana."

"Basi."

Ng'ambo ya ukuta, kweli, Ayot alikuwa anaimba. Elisée akakaa kwenye kiti alichomwekea mgeni. Angeweza kukipandisha tena kitufe na kukiacha hapo. Mzee ataona mstari, atasimamisha matanga, na nani atakuja kuhesabu makovu ya mbuzi? Lakini Ayot alikwisha kusema kwamba kovu likikubaliwa, wiki ijayo anapanda gari la Arua, mji wa mpakani upande wa Uganda, avuke mpaka kwenda Aru. Elisée aliijua barabara ile. Aliitembea usiku mmoja akiwa na Reine mgongoni, na hakuwahi kumsimulia mtu alichokiona kandokando yake.

"Utamwambia?" Esperance akauliza.

Elisée akakohoa.

Mzee Ojara alifika akiwa na koti lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, kana kwamba hakutembea kwenye matope ya Kamwokya. Ayot alikuwa nyuma yake. Mzee akatazama chumba, televisheni, kitambaa kwenye kona, kisha mwenye nyumba.

"Ni wewe fundi wa picha?"

"Mimi ni wa cherehani, mzee."

"Na picha?"

"Picha ni kidogo tu."

"Usimsikilize, baba," Ayot akasema. "Kamwokya yote hakuna anayemfikia. Kaa hapa karibu. Baba Reine, weka."

Elisée alikuwa amejipangia. Hatasema kitu. Ataanza na bibi harusi, ataonyesha mchungaji, ataonyesha mbuzi, na mashine itajisema yenyewe. Akabonyeza. Kioo kikawaka, maandishi ya harusi yakajitokeza na maua yake, na umeme ukaenda.

Redio za mtaa mzima zilinyamaza pamoja.

"Utarudi," Ayot akasema.

"Tutangoja," mzee akasema. Akaangalia saa, akaweka mikono juu ya magoti.

Wakangoja. Mwanga wa mlangoni uliishia miguuni mwao. Esperance alileta chai, mzee akaishika bila kuinywa. Aliyezungumza ni Ayot peke yake: jinsi atakavyopita Arua, jinsi atakavyompeleka Kidega kwanza kwa mama yao na si kwa wazee, kwa kuwa wazee watataka kumtambikia kabla hajala. Alicheka kidogo. Elisée aliona kwamba kila dakika inayopita, mtu yule anakuwa hai zaidi.

"Mzee," akasema.

Akakohoa. Akasema tena, "Mzee."

"Ndiyo."

"Lile kovu si kovu."

Ayot akageuka. Mzee hakutikisika. "Endelea."

"Ni mashine. Nimeipa dawa nyingi. Ikizidi, inachora mistari. Leo nimeuona mstari kwa bibi harusi. Nimeuona kwa mchungaji. Hata mbuzi anao."

"Mbuzi gani?"

"Wa harusi, mzee."

"Jana uliliona," Ayot akasema. "Ulikuwa umesimama hapo. Uliliona?"

"Nililiona, Mama Bonny."

"Basi kovu lipo."

"Nililiona kwa kuwa nilikuwa nimelitia mwenyewe. Sikujua."

Ayot akaitazama televisheni iliyozimika. Kisha akasema polepole, "Nani amekutuma? Okullo? Okullo amekuambia useme hivi ili nisiende Aru."

"Hapana."

"Wewe mtu usiyejua kusema hata bei ya suruali, leo umepata maneno. Nani amekupa?"

"Hakuna."

"Nyinyi Wakongo mnajua kufunga mlango wenu. Mmemla ndugu yangu huko miaka yote, sasa ametokea, mnamfuta."

Esperance akainuka. Elisée akamwashiria akae. "Umeme ukirudi nitakuonyesha," akasema. "Kama ninakudanganya, chukua diski uivunje."

"Ayot," mzee akasema. "Kaa chini."

Akakaa. Mzee alimaliza chai yake iliyopoa, polepole, kama mtu aliyeamriwa.

Umeme ulirudi bila taarifa, kama kawaida yake. Kompyuta ilichukua muda wake kuamka, na Elisée alihisi macho ya Ayot shingoni mwake muda wote huo. Hatimaye harusi ikaja.

Mzee Ojara akaliongoza jambo kama gwaride. "Bibi harusi." Elisée akasimamisha: mstari. "Ondoa dawa." Ukaondoka. "Rudisha." Ukarudi. "Mchungaji." Hivyo hivyo. "Mbuzi." Elisée akamkuza mbuzi mpaka kichwa chake kikajaa ukutani na pembe zake zenye chaki, na katika siku nyingine mtu angecheka. "Sasa mtu wetu."

Mwanaume mwenye kreti akaja. Mstari ulikuwapo. Elisée akashusha kitufe, mstari ukafifia, ukaisha.

"Ondoa dawa zote," mzee akasema. "Niachie kilichomo."

Elisée akaondoa zote. Kilichobaki kilikuwa uso wa mwanaume mwenye ndevu fupi, laini kama kitu kilichotazamwa ndani ya maji, nyusi zake vivuli viwili. Mzee akasimama akakaribia mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Swali langu ni moja. Ni yeye?"

"Sijui, mzee."

"Diski inajua?"

"Diski haijui. Kilichomo ni hiki. Naweza kukisafisha, siwezi kukizidisha."

"Kwa hiyo kovu linaweza kuwapo, likawa dogo, kamera haikulishika."

"Linaweza."

"Na linaweza kutokuwapo."

"Ndiyo, mzee."

Mzee akarudi kwenye kiti. "Mara ya mwisho nilipomwona," akasema, bila kumwangalia mtu, "magoti yake yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Alikuwa anakimbiza kuku wa jirani. Leo mnaniwekea mwanaume mwenye ndevu mnaniuliza." Akamgeukia Ayot. "Na wewe, binti yangu. Huyu mwanaume unamjua?"

Ayot alitazama kioo. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso wake haukusogea.

"Nilijua kovu," akasema.

"Nami ningejua kovu tu. Hatuna kingine." Mzee akavua kofia, akaishika. "Fundi angesema ndiye, ningesimamisha matanga. Angesema siye, ningepanda basi nikalie. Amesema hajui. Hilo ndilo gumu." Akafikiri. "Jeshini tulikuwa na waliokufa, tulikuwa na walio hai, na tulikuwa na wasiojulikana. Asiyejulikana hatukumpigia risasi za kumuaga. Wengine walikasirika, wake zao walikasirika, lakini hatukupiga."

Akatoa simu. Alizungumza Kiacholi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na watu wa mbali, na Ayot, kichwa amekiinamisha, akawatafsiria Elisée na mkewe kwa kunong'ona, labda kwa mazoea ya kuishi na majirani, labda kwa kuwa alihitaji kuyasikia maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Anasema msipike." Upande wa pili mtu alikuwa anafoka. "Wanauliza kama ameona kovu. Anasema hapana, kovu halikuwapo." Elisée akashika ukingo wa meza. "Wanasema basi ni wazi, apande basi. Anasema, nimesema halikuwapo, na bado msipike. Wanasema ng'ombe amekwisha kuletwa. Anasema mpeni kamba ndefu, ale majani."

Mzee akafunga simu. Alionekana amechoka kuliko alipoingia. "Kesho nitapanda basi hivyo hivyo," akasema. "Hawa ukiwaambia kwa simu wanapika. Lazima nikasimame mbele ya chungu." Akamwangalia Elisée. "Umenipa kazi, fundi."

"Nisamehe, mzee."

"Sikusema vibaya."

Mzee alipoondoka, Ayot alibaki amekaa. Mwanaume mwenye kreti alibaki ukutani. Esperance aliingiza maharage ndani, akatoka tena bila sababu.

"Bila kovu," Ayot akasema hatimaye, "nitamwonyesha nani? Watu wa Aru watamjuaje?"

Elisée alikuwa hajawazia hilo. Akaliwazia sasa, akiwa amesimama. "Mama Bonny, wewe ulimjua mtoto, humjui mtu mzima," akasema. "Wao ndio wanaomjua mtu mzima. Kovu hawalihitaji. Ukiwapelekea sura iliyochorwa na mashine, watasema hatumjui huyu. Ukiwapelekea alivyo, mtu mmoja atasema, huyu ni fulani, hubeba mizigo mahali fulani."

"Na huyo fulani akija mbele yangu?"

"Hapo utaliangalia kovu mwenyewe. Kwa macho."

Ayot akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Hakuomba radhi kwa maneno yake kuhusu Wakongo, na Elisée hakuingojea. Alimwona amejifunga kanga upya, kiunoni, kama anayetoka.

Wakaenda pamoja Wandegeya, kwenye maduka ya kuchapisha yaliyo karibu na hosteli za wanafunzi. Picha ilikuwa kwenye flashi mfukoni mwa Elisée, sura moja aliyoichagua kati ya nyingi, ile ambayo mwanaume ameangalia mbele kuliko nyingine. Binti wa dukani, Babra kwa jina lililoandikwa kifuani, aliifungua, akakunja pua.

"Mzee, hii ina ukungu. Nina programu hapa, dakika moja inatoka safi, hata ngozi inang'aa. Nimsafishe?"

Elisée alifungua mdomo, lakini Ayot alimtangulia.

"Usimguse. Mtoe hivyo hivyo."

"Mama, utalipia karatasi nzuri kwa picha mbaya?"

"Ndiyo."

Binti akainua mabega, akabonyeza. Karatasi ikatoka ikiwa na joto. Ayot akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu, akamtazama mwanaume yule asiyemjua, ndevu zake, kreti yake. Kisha akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe, akamgeukia Elisée.

"Niambie," akasema. "Aru, nani mwingine anauza bia?"

Elisée akaanza kumtajia. Walipofika nyumbani alikuwa bado anataja.